Mchezaji hufungiwa mechi, mwenye timu huandikiwa barua

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2026, Sir Jim Ratcliffe, tajiri wa kampuni ya kemikali ya INEOS na mmoja wa wenye Manchester United, aliiambia televisheni ya Sky News kuwa Uingereza imefanywa koloni na wahamiaji. Akaongeza na hesabu: ati watu wa nchi hii walikuwa milioni 58 mwaka 2020 na sasa wamefika milioni 70. Hesabu hiyo haikuwa sahihi. Takwimu za serikali zinaonesha kuwa mwaka 2020 walikuwa kiasi cha milioni 67. Hiyo milioni 58 ni ya mwisho wa karne iliyopita. Waziri Mkuu Keir Starmer akasema maneno yale yanakera na si ya kweli, akamtaka aombe radhi. Ratcliffe akajibu kuwa anasikitika kwamba lugha aliyoichagua imewaudhi baadhi ya watu, lakini mjadala wa uhamiaji lazima uwepo. Chama cha Soka cha Uingereza, FA, chenye makao yake Wembley hapa London, kikaliangalia jambo lile, kikamkumbusha wajibu wake anapozungumza na waandishi wa habari, na hakikumfungulia mashitaka.

Basi. Hapakuwa na faini wala kufungiwa.

Katika nyumba za jamaa zetu za mashariki ya London, ambako vijana wa asili ya Unguja, Pemba na Mombasa wamelelewa na Manchester United tangu enzi za Ferguson, lililouma zaidi ni lile neno "koloni". Mzee mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Ng'ambo, alizima televisheni akauliza kama huyu bwana anajua ukoloni ni nini. Yeye alizaliwa Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Muingereza, himaya iliyoanza 1890 na kumalizika Disemba 1963, na anakumbuka nani alikuwa akitoa amri na nani akizipokea. Mkoloni, alisema, haombi viza, wala hapangi foleni Croydon tangu alfajiri kungojea karatasi zake. Miaka thelathini ameendesha basi katika mji huu na kodi amelipa. Huyo anayemwita mkoloni amehamia Monaco.

Lakini hasira zetu si hoja, na suali lililoulizwa baada ya hapo ni gumu kuliko linavyoonekana. Mwenye timu akitamka maneno ya kuudhi, aadhibiwe vipi, na nani, na kwa kipimo gani? Najua wasomaji wetu wengi wa Maskati, Dubai, Doha na Kuwait wanaziangalia ligi hizi kila wiki kama wanavyoangalia mambo ya kwao, na baadhi ya timu zenyewe zina wenyewe huko huko Ghuba: Manchester City iko mikononi mwa Sheikh Mansour wa Abu Dhabi tangu 2008, na Newcastle ilinunuliwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudia Oktoba 2021. Kwa hiyo jambo hili linatugusa kutoka pande zote mbili: sisi ni wanaosemwa, na pia ni majirani wa wanaomiliki.

Tuanze na klabu hiyo hiyo ya Ratcliffe. Mwisho wa Novemba 2020, Manchester United iliifunga Southampton mabao 3 kwa 2, na Edinson Cavani, mshambuliaji kutoka Uruguay, alitia mawili. Rafiki yake akamuandikia pongezi kwenye Instagram. Cavani akamjibu kwa Kispania maneno mawili ya ahsante, la pili likiwa "negrito", ambalo huko kwao watu huitana kwa mapenzi, mume kwa mke, mama kwa mwanawe, bila kuangalia rangi. Alipoambiwa kuwa neno hilo huku linaweza kusomeka vibaya, alilifuta na akaomba radhi. FA ilimfungia mechi tatu, ikamtoza faini ya pauni 100,000 na kumtaka ahudhurie mafunzo. Wanachuoni wa lugha wa Uruguay wakatoa tamko la kuilaumu FA kwa kutoijua lugha yao.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaelewa vizuri sana walichokuwa wakisema. Chukua neno Mmanga. Zamani lilikuwa jina tu la Muarabu aliyefika karibuni kutoka Oman, dukani, shamba, jahazini. Baada ya 1964 neno hilo hilo likawa linatupwa kama jiwe. Na waliorudi Oman kuanzia miaka ya 1970 wakakuta wanaitwa "Zinjibari", wengine kwa kutambulishwa tu, wengine kwa kutengwa, na ilitegemea nani anasema, wapi, na kwa uso gani. Hakimu asiyejua Kiswahili angepewa neno moja kati ya hayo kwenye karatasi, angehukumu vipi?

FA ilimhukumu Cavani kwa karatasi. Kwangu mimi hukumu ile haikuwa ya haki, na naiweka kando ya barua ya Ratcliffe ili msomaji aone. Mmoja alimjibu rafiki yake, kwa lugha yake, kwa mapenzi, akaomba radhi. Akapoteza mechi tatu na pauni laki moja. Mwengine alizungumza na televisheni ya taifa, kwa lugha aliyozaliwa nayo, juu ya mamilioni ya watu, kwa takwimu zisizo za kweli, akapata kukumbushwa.

Mtu atasema Cavani ni mfano mmoja tu. Hapana. Bernardo Silva wa Manchester City alifungiwa mechi moja na kutozwa pauni 50,000 mwaka 2019 kwa mzaha aliouandika mtandaoni juu ya rafiki yake Benjamin Mendy, na Mendy mwenyewe hakulalamika. Rodrigo Bentancur wa Tottenham, timu ya hapa hapa London, alifungiwa mechi saba na faini ya pauni 100,000 Novemba 2024 kwa alivyosema kwenye televisheni ya kwao juu ya mwenzake Son Heung-min na Wakorea kwa jumla. Tottenham ilikata rufaa ikashindwa. Rio Ferdinand, akiwa Queens Park Rangers, Oktoba 2014 alifungiwa mechi tatu kwa neno moja la matusi alilomjibu mtu Twitter. Sisemi wote hawa walionewa. Kauli ya Bentancur ilikuwa ya dharau na alistahiki adhabu. Nasema tu kwamba kwa mchezaji kuna kipimo kinachojulikana, na kinafanya kazi haraka.

Kwa mwenye timu kipimo ni kingine. Kesi kubwa kabisa ya mmiliki katika soka la Uingereza ni ya Dave Whelan wa Wigan Athletic. Novemba 2014 alimuajiri Malky Mackay kuwa kocha, wakati Mackay alikuwa akichunguzwa kwa ujumbe wa simu wenye maneno ya ubaguzi. Gazeti la The Guardian likamuuliza Whelan vipi amefanya hivyo. Katika kumtetea kocha, akasema Mayahudi wanakimbilia fedha kuliko watu wengine, na akatumia neno la kejeli kwa Wachina akidai halina ubaya. Yaani alikwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa. Mwisho wa Disemba 2014 kamati huru ya FA ilimfungia asijihusishe na mambo ya mpira kwa wiki sita, ikamtoza faini ya pauni 50,000, na ikamtaka apate mafunzo.

Pauni 50,000. Whelan alikuwa ndiye aliyejenga kampuni ya maduka ya michezo ya JJB Sports, na uwanja wa Wigan ulikuwa na herufi za jina lake. Faini ile ni nusu ya ile aliyokuja kutozwa Cavani. Fedha kama hizo kwa tajiri wa aina hiyo ni sarafu iliyoanguka kutoka mfukoni na ambayo mtu hainami kuiokota. Wiki sita zilikuwa na uzito zaidi, na hata hizo mwenye timu anazimaliza nyumbani kwake huku klabu ikiendelea kuwa yake. Machi 2015 aliuacha uenyekiti, akamkabidhi mjukuu wake wa miaka 23.

Kilichoiuma Wigan zaidi kilitoka kwengine kabisa. Mdhamini wa jezi zao, kampuni ya vifaa vya jikoni, alivunja mkataba wakati ule ule kwa sababu ya kuajiriwa Mackay. Hakungojea kamati wala mashahidi.

Na huyo Mackay je? Hapa ndipo mambo yanapotatanisha. Ujumbe wake ulipatikana baada ya nyumba ya Iain Moody, hapa London, kupekuliwa mwaka 2014 kwa amri ya mahakama iliyoombwa na Cardiff City, klabu waliyokuwa wakiifanyia kazi wote wawili. Maneno yalikuwa mabaya, ya kuwadharau Waafrika, Waasia, wanawake na wengineo. Mackay alikuwa karibu kupewa ukocha wa Crystal Palace, akaikosa, na Moody akaondoka hapo Palace. Lakini FA baada ya kuchunguza iliamua Julai 2015 kutowashitaki, kwa hoja kwamba ule ulikuwa ujumbe wa siri baina ya watu wawili, ambao hawakutarajia usomwe na mtu wa tatu.

Mwaka huo huo wa 2014 ilitoka khabari ya Richard Scudamore, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Ligi Kuu, kwamba barua pepe zake zilikuwa na mizaha michafu juu ya wanawake. Nani alimhukumu? Vilabu ishirini vya Ligi Kuu. Vikakaa, vikasema kwa kauli moja kuwa hakuna hatua zaidi. Ligi Kuu ni kampuni, na wenye hisa wake ni vilabu hivyo hivyo, kila klabu kura moja. Mkutano wa wenye timu ndio uliompima mtu aliyekuwa akiwatafutia mikataba ya mabilioni ya televisheni. Sidhani kuna aliyeshangaa.

Kuhusu siri, mimi nimegawika, na nadhani wasomaji wengi wa ukumbi huu watagawika nami. Surat Al-Hujurat inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na aya inayofuata hapo hapo inakataza kupelelezana na kusengenyana. Makatazo mawili yamewekwa bega kwa bega. Ukimuadhibu mtu kwa neno lililochimbuliwa chumbani kwake, umelinda katazo moja na kulivunja jengine. Kwa hiyo naiona hoja ya FA juu ya siri kuwa na nguvu. Ila iwe kwa wote. Cavani hakuwa chumbani, ni kweli, na wala Ratcliffe hakuwa chumbani. Kati ya wote niliowataja mpaka sasa, yeye na Whelan ndio waliokaa mbele ya mwandishi wa habari wakijua wanarikodiwa kwa ajili ya umma wa nchi hii.

Wamarekani waliipuuza kabisa hoja ya siri walipompata Donald Sterling, mwenye Los Angeles Clippers ya mpira wa kikapu. Aprili 2014 ilivuja sauti yake akimgombeza mwanamke aliyekuwa karibu naye asiwalete watu weusi kwenye mechi zake wala asionekane na Magic Johnson kwenye picha. Siku chache tu baadaye kamishna wa NBA, Adam Silver, alimfungia maisha, akamtoza dola milioni 2.5, ambayo ndiyo faini kubwa kabisa iliyoruhusiwa, na akawataka wenye timu wengine wamlazimishe auze. Timu ikanunuliwa na Steve Ballmer kwa dola bilioni 2. Sterling aliinunua mwaka 1981 kwa dola milioni 12.5. Wengi huitaja hiyo kuwa ndiyo adhabu kali kuliko zote katika historia ya michezo. Mimi sijawahi kumuona mtu mwengine aliyefukuzwa akaondoka na mabilioni.

Na kuna jambo jengine katika kesi ile ambalo husahauliwa. Mwaka 2009 Sterling alilipa dola milioni 2.7 kumaliza kesi ya serikali ya Marekani iliyomtuhumu kuwabagua weusi na Walatino katika kuwapangisha nyumba zake. Hakukiri kosa. Hayo yalikuwa ni madai ya watu kunyimwa pa kulala, si maneno matupu. NBA haikumfanya kitu. Miaka mitano baadaye, kwa maneno ya faraghani, ikamfukuza. Tofauti ilikuwa moja: safari hii wachezaji wake waligeuza fulana zao ndani nje uwanjani, wadhamini wakaanza kukimbia, na ilikuwa katikati ya mechi za mtoano. Robert Sarver wa Phoenix Suns alipofungiwa mwaka mmoja na kutozwa dola milioni 10 Septemba 2022 kwa maneno ya ubaguzi na kuwadhalilisha wafanyakazi wake wa kike, mwanzoni wengi walisema adhabu ni ndogo. Haikufika wiki mbili, baada ya wachezaji wakubwa kupaza sauti na mdhamini wa jezi kusema hatoendelea ikiwa yeye yupo, akatangaza anauza.

Ukizitandaza kesi hizi zote mezani, utaona mwenye timu huadhibiwa kwa kiasi cha fedha zinazotishia kutoka mlangoni. Aliyetukanwa ana uzito gani, ameumia kiasi gani, hayo hayaingii kwenye mizani mpaka mdhamini ashike simu. Ratcliffe wadhamini wake hawakuondoka. Ndiyo maana ameandikiwa barua, na Whelan, mwenye timu ndogo iliyokuwa ikididimia, alifungiwa wiki sita.

Nyumbani hatuna cha kujivunia. Julai 2022 Kamati ya Maadili ya TFF ilimfungia Haji Manara, msemaji wa Yanga wakati huo, miaka miwili ndani na nje ya nchi na kumtoza faini ya shilingi milioni 20. Kosa lake lilikuwa kumtolea maneno makali rais wa TFF, Wallace Karia, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha. Manara ana mdomo, hilo halina ubishi, na mashabiki wa pande zote mbili wameshawahi kumchukia na kumpenda kwa zamu. Lakini miaka miwili! Aliyekosewa ni mkuu wa chombo chenye kamati iliyohukumu. Aliyehukumiwa ni muajiriwa anayekula kwa ulimi wake. Ukilinganisha na wiki sita za Whelan kwa kuwatukana Mayahudi na Wachina wa dunia nzima, unaona kuwa ukali wa adhabu ulipanda kwa sababu aliyeguswa alikuwa juu na aliyegusa alikuwa chini.

Sasa nirudi London, nimsikilize anayemtetea Ratcliffe, kwa sababu utetezi upo na una maana. Anasema: ile ilikuwa kauli ya siasa. Uhamiaji ni jambo linalojadiliwa bungeni kila wiki. Starmer huyo huyo aliyemkemea, Mei 2025 alisema nchi inaweza kuwa kisiwa cha watu wasiojuana, na baadaye akasema anajutia kuyatumia maneno hayo. Ikiwa Waziri Mkuu anateleza namna hiyo bila kushitakiwa, kwa nini FA imshitaki raia kwa maoni yake? FA ikianza kuhukumu siasa, kesho itamhukumu nani?

Ninaikubali sehemu kubwa ya hoja hiyo, na naikubali kwa maslahi yetu wenyewe. Sisi wageni na watoto wa wageni ndio wa mwanzo kuumia pale chombo kinapopewa mamlaka ya kuchagua maoni yanayoruhusiwa. Vijana wetu wanaocheza au kufundisha mpira hapa wanataka nao waweze kusema juu ya Gaza, au Sudan, au nyumba wanazoishi, bila kuogopa barua ya Wembley. Sitaki Ratcliffe anyang'anywe hisa zake kwa sababu anaona wahamiaji wamezidi.

Lakini kinga hiyo ya siasa mchezaji hakupewa. Disemba 2013, Nicolas Anelka wa West Bromwich alifunga goli hapa London, katika uwanja wa West Ham, akafanya ishara ya mkono aliyoichukua kwa rafiki yake mchekeshaji wa Kifaransa. Alisema ni ishara ya kupinga watawala. Kamati ilikubali kuwa haikuthibitika kwamba Anelka mwenyewe ni mwenye chuki na Mayahudi, hata hivyo ishara yenyewe ilikuwa na maana hiyo, kwa hiyo ikamfungia mechi tano na kumtoza pauni 80,000. Nia yake haikumuokoa. Kwa Cavani pia nia haikumuokoa. Utetezi wa Ratcliffe nao ni wa nia: hakukusudia kuudhi, alikuwa akizungumza uchumi. Ama nia ihesabiwe kwa wote, ama isihesabiwe kwa yeyote.

Na kuna tofauti ya kimaumbile ambayo sheria za soka haziioni. Kumfungia mchezaji mechi tatu ni kumtoa kwenye kazi yake, na kila mtu analiona pengo uwanjani. Mwenye timu hana namba mgongoni. Mwaka 2016 FA ilimfungia Francesco Becchetti, aliyekuwa mwenye Leyton Orient ya hapa London, mechi sita na faini ya pauni 40,000 kwa kumpiga teke kocha msaidizi wake uwanjani, na alibaki kuwa mwenye klabu ile. Kumkataza tajiri kukaa kwenye kiti cha ngozi kwa mechi sita ni kumuachia nafasi ya kuangalia mpira kwake bila kelele.

Kama kipimo kingekuwa kimoja, adhabu ingegusa kile anachokithamini mwenye timu, nacho ni usemi. Kwa muda uliowekwa asisaini usajili wa mchezaji, asiajiri wala asifukuze kocha, asipige kura ya klabu kwenye mkutano wa ligi, jina lake lisitoke kwenye taarifa yoyote. Akiwa anafungiwa katika dirisha la usajili, ataisikia. Faini nayo ihesabiwe kwa fungu la mali yake, kama baadhi ya nchi za Ulaya zinavyofanya kwa madereva wanaokimbiza magari. Na kabla ya kurudi, akae mbele ya watu aliowasema. Si mafunzo ya saa mbili kwenye kompyuta. Akae na dereva wa basi aliyezaliwa Ng'ambo, amsikilize.

Kwa Ratcliffe hasa, nadhani hukumu ya haki ingekuwa ndogo kuliko wanavyotaka waliokasirika: onyo la wazi lenye kutaja kuwa takwimu alizotoa si za kweli na kuwa kuwaita watu wakoloni kunawaumiza wachezaji na mashabiki wa klabu anayoiendesha, na akirudia, afungiwe kushughulika. Klabu ile ilijengwa kwa miguu ya wageni, kuanzia Cantona mpaka huyo Cavani. Wachezaji wake wa leo wengi ni wahamiaji au watoto wa wahamiaji, na yeye ndiye mwenye usemi juu ya mikataba yao. Hapo ndipo maneno yake yanapoacha kuwa siasa peke yake. Raia wa kawaida akisema wahamiaji wamezidi, ni maoni. Muajiri wao akisema, mfanyakazi aliye chini yake lazima ajiulize nafasi yake iko wapi.

Mlango mmoja umefunguka ambao 2014 haukuwepo. Machi 2023 Ligi Kuu iliongeza makosa ya jinai ya chuki katika orodha ya yanayomzuia mtu kumiliki timu, na Julai 2025 Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha msimamizi huru wa soka, asiyekuwa mkutano wa wenye timu, mwenye uwezo wa kumpima mmiliki uaminifu wake na hata kumtoa. Sheria hiyo ilitungwa zaidi kwa sababu ya madeni na vilabu kufilisika, na makosa ya jinai ni ya kule mahakamani tu. Mmiliki anayetukana bila kuvunja sheria bado yuko katikati, hana wa kumuuliza ila FA. Wenye timu wa Ghuba nao wataingia katika mizani ya msimamizi huyo sawa na Ratcliffe, na nina hakika magazeti ya London yatakuwa makali zaidi siku hiyo atakapoteleza mmoja wao kuliko yalivyokuwa Februari. Hapo nitaitoa barua ya Ratcliffe na kuuliza kama kipimo ni kile kile.

Mzee wa Ng'ambo hajaivua Manchester United. Anasema yeye ameianza kuipenda kabla huyu tajiri hajaijua njia ya Old Trafford kama mwenye timu, na hatoiacha kwa ajili yake. Ila jezi mpya ya msimu ujao, iliyokuwa zawadi ya mjukuu kila mwaka, safari hii amesema hainunui.